Beki Aliyecheza Mechi 167

Reli ikishafika Butere haina pa kwenda tena. Tawi lile la kilomita 69 lilitoka Kisumu, likapita Maseno, Luanda na Yala, likaingia nchi ya Wamarama mwaka 1930, na hapo likakomea. Garimoshi lilileta chumvi, mabati, vitambaa na baiskeli, likarudi na mahindi. Kandokando ya stesheni yakaota maduka ya Wahindi, na mbele ya kila duka akakaa fundi na cherehani yake. Mtu wa Butere aliyezaliwa miaka ile alimjua Mhindi kwanza kama mwenye duka, halafu kama fundi wa reli. Habari za Mhindi anayetoka jasho uwanjani, akiwa na gongo mkononi na kilemba kichwani, hakuwa nazo.

Nimeanzia hapa, katika sura inayomhusu mtu wa Nairobi, kwa makusudi. Uliza michezo Butere na utajibiwa kwa neno moja: Ingwe. AFC Leopards, iliyozaliwa Abaluhya mwaka 1964, ndiyo dini ya pili ya sehemu hizi, na kuna nyumba ambamo ni ya kwanza. Magongo yatatajwa baadaye sana, baada ya raga, baada ya mbio, pengine hata baada ya ng'ombe wa Khayega wanaopiganishwa alfajiri. Na bado, mojawapo ya timu za Kenya za mchezo wa mpira zilizowahi kufika juu kabisa duniani ilikuwa ya magongo. Kandanda halijawahi kutufikisha hata kwenye mlango wa Kombe la Dunia. Magongo yalitufikisha nusu fainali, na nahodha wetu siku hiyo alikuwa Avtar Singh Sohal.

Waliomzoea walimwita Tari. Mtaani, wasiomjua wangemwita Kalasinga, kama wanavyoitwa Masingasinga wote Afrika Mashariki. Husemekana jina hilo lilianza na mfanyabiashara mmoja, Kala Singh, aliyezunguka na bidhaa zake Umasaini enzi Nairobi ilipokuwa mji wa mabati. Likawa jina la kila mwenye kilemba, liwe la utani au la dharau kutegemea anayelitamka.

Wengi wa Masingasinga wa mwanzo walikuwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi, watu wa reli. Serikali ya Kiingereza iliwaajiri Wahindi 31,983 kwa mkataba kujenga Reli ya Uganda. Kati yao 2,493 walikufa kazini, na 6,724 wakaamua kubaki mkataba ulipokwisha. Reli iligusa ziwa Kisumu mwaka 1901. Wengine wakaja baadaye kwa nauli zao wenyewe, kwa sababu palipo na reli pana kazi ya fundi. Na kila walipotua kwa wingi walijenga vitu viwili: hekalu la kusalia na kiwanja cha kuchezea magongo. Klabu ya Sikh Union ya Nairobi ilitokana na mazoea hayo. Wagoa, waliokuwa makarani na Wakatoliki, nao walikuwa na vilabu vyao, na Jumapili baada ya misa walikutana na Masingasinga uwanjani kumalizana.

Avtar alizaliwa Nairobi tarehe 22 Machi 1938. Miaka kumi hivi kabla yake, katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928, India ilikuwa imechukua dhahabu ya magongo, na ikaendelea kuichukua kila Olimpiki hadi Roma ilipoikatiza. Kwa hiyo mtoto wa Kihindi wa Nairobi alikua akijua kwamba kuna jambo moja ambalo watu wa kwao wanalijua kuliko Wazungu wote. Mwaka 1947 ukielekea kuisha, Dhyan Chand mwenyewe alikuja Afrika Mashariki na timu ya India. Alikuwa na umri wa miaka 42, umri wa kukaa kibarazani na kusimulia, na bado alifunga mabao 61 katika mechi 22. Avtar alikuwa na miaka 9.

Gongo la siku zile lilichongwa kwa mti wa mforsadi, likatoka Sialkot au Jalandhar. Mforsadi una nyuzi zinazokubali kupindwa kwa mvuke bila kukatika, ndiyo maana mafundi wa Punjab waliupenda. Gongo lina uso mmoja tu ulio bapa, ule wa kushoto. Mgongo wake ni mviringo, na ukigusa mpira kwa mgongo umekosa. Hakuna gongo la mashoto. Sheria haimjui mashoto, naye hujifunza kama wengine. Mpira ni mgumu kama jiwe, uzito wake gramu 160 hivi, na wakati ule ulikuwa umevishwa ngozi nyeupe. Ukikupata kwenye ugoko wakati huna kinga utamkumbuka aliyeupiga mpaka uzeeni.

Timu ilipangwa kwa mtindo wa zamani: washambuliaji 5 mbele, viungo 3 nyuma yao, mabeki 2 na kipa. Mabeki 2 dhidi ya watu 5! Avtar alikuwa mmoja wa hao wawili kwa miaka 15.

Inafaa tuitazame kazi hiyo kwa karibu, maana watazamaji wengi humtazama mwenye mpira na kumsahau anayemsubiri. Mshambuliaji anakuja mbio, mpira umemganda gongoni, anauhamisha kulia, kushoto, kulia. Beki wa hovyo humrukia. Anatupa gongo lake chini kama mtu anayeua nyoka, anakosa, na kabla hajageuka mwenzake yuko mbele ya kipa. Beki aliyekomaa hurudi nyuma. Anarudi kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, vidole karibu vinafagia nyasi, gongo limelala chini mbele yake. Macho yake hayafuati mikono ya yule jamaa wala mabega yake, yamekaza kwenye mpira. Polepole anamziba njia ya kushoto ili amfungulie ya kulia, upande ambao uso bapa wa gongo unafika bila kugeuzwa. Mshambuliaji anadhani ameona mwanya. Anausukuma mpira mbele kidogo, labda nusu hatua kuliko alivyotaka, na hapo ndipo beki anapoingia. Sauti yake ni kama ya mlango unaofungwa.

Kwa watu 5 wanaokujia, kazi hiyo huifanyi kwa mbio peke yake. Unaifanya kwa kusoma. Tena ilikuwa kazi ya viwanja vya nyasi, ambako mpira ungeweza kugonga kichuguu kidogo ukaruka hadi kidevuni. Beki wa zama zile alilazimika kuujua uwanja kama mkulima anavyolijua shamba lake: pale pana bonde, pale maji hutuama mvua ikinyesha.

Alianza kuichezea Kenya mwaka 1957. Nchi ilikuwa bado koloni, na mwaka mmoja kabla timu yetu ilikuwa imekwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne, ikamaliza ya 10. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Roma 1960. Ninapoitazama orodha ya matokeo ya mwaka ule, kuna mstari mmoja ninaourudia kila mara: robo fainali, Uingereza 2, Kenya 1, dakika 127. Mechi ya kawaida ilikuwa dakika 70. Ilipofika mwisho walikuwa sare, wakaongezewa muda, wakawa sare, wakaongezewa tena, na tena, kwa sababu wakati ule hakukuwa na mapigo ya kuamua mshindi. Anayefunga ndiye anayekwenda. Kijana wa miaka 22 alicheza karibu mechi mbili mfululizo dhidi ya nchi iliyokuwa inamtawala, akafungwa dakika ya 127. Kenya ilimaliza ya 7.

Miaka miwili baadaye akapewa unahodha, akakaa nao hadi alipostaafu.

Tokyo 1964 ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya Kenya huru. Kila Mkenya aliyesoma darasani analijua jina la Wilson Kiprugut Chumo, aliyetuletea medali ya kwanza, shaba ya mita 800. Wachache wanajua kwamba timu ya magongo ilimaliza ya 6 katika Michezo hiyohiyo, ikiongozwa na nahodha mwenye kilemba. Kikosi kilikuwa zaidi cha Masingasinga na Wagoa: akina Singh, akina Fernandes kadhaa ambao si wote walikuwa ndugu, na Alu Mendonca, mshambuliaji ambaye wazee wa Nairobi bado wanamtaja kwa kutikisa kichwa. Bendera nyeusi, nyekundu na kijani ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Hawa ndio waliokuwa wa kwanza kuivaa kifuani katika mchezo wa timu wa Olimpiki.

Nchi yenyewe haikuwa imeamua bado kama ni wake. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara. Asiye raia hakuruhusiwa tena kuuza anachotaka mahali anapotaka. Biashara katika sehemu kubwa ya nchi nje ya miji mikuu ilitengewa raia. Maana yake kwa mji mdogo wenye stesheni mwisho wa reli haihitaji mwalimu. Maduka yalibadilisha wenyewe. Kuna waliofurahi, na walikuwa na sababu: kwa miaka 30 na zaidi Mwafrika wa Butere alikuwa mteja tu katika soko la kwao. Kuna waliofungasha usiku. Uingereza nayo ikaharakisha sheria ya kuwazuia Wahindi hao wasiingie kwake, ikaanza kutumika Machi 1968, na wiki zile za mwisho uwanja wa ndege wa Nairobi ulijaa familia zilizoketi juu ya mabegi yao.

Oktoba mwaka huohuo, Avtar Singh aliingia uwanjani Mexico City kama nahodha wa Kenya. Ukitaka kujua timu ile ilikuwa na moyo gani, tazama kundi lake. Pakistan, waliokuja kuwa mabingwa, walimaliza wa kwanza. Kenya na Australia walilingana katika nafasi ya 2, ikabidi warudiane kumpata wa kwenda nusu fainali. Australia 3, Kenya 2. Bao moja lilitutenga na nusu fainali ya Olimpiki. Tukamaliza wa 8.

Halafu ikaja Barcelona.

Kombe la Dunia la kwanza la magongo lilikuwa lifanyike Pakistan mwaka 1971, lakini Pakistan na India zilikuwa zinaelekea vitani juu ya nchi iliyokuja kuitwa Bangladesh, na mashindano yakahamishiwa Hispania. Nchi 10 zilialikwa. Kenya ilikuwa mojawapo, na nahodha wake alikuwa na miaka 33. Wenzake wengi wa Roma na Tokyo walikuwa wamekwisha kutawanyika: Kanada, Uingereza, Australia. Kikosi kilichobaki kilipenya hadi nusu fainali. Pembeni walikutana India na Pakistan, na sisi tukapewa wenyeji. Hispania ilishinda 1 kwa 0. Mechi ya kutafuta mshindi wa tatu ikawa dhidi ya India, nchi waliyotoka wazazi na mababu wa karibu kila mchezaji wetu. Dakika za kawaida ziliisha kwa sare, na India ikapata la pili katika muda wa nyongeza. 2 kwa 1. Kenya ya nne duniani.

Nimewahi kuwauliza walimu wa michezo, watu wanaolipwa kuyajua haya, Kenya ilimaliza ya ngapi katika Kombe la Dunia la magongo la 1971. Wengi hudhani nawatega.

Aliongeza Olimpiki moja, Munich 1972, ambako Kenya ilishika nafasi ya 13, akalitua gongo. Alikuwa amecheza mechi 167 za kimataifa tangu 1957, idadi ambayo Guinness iliiandika kuwa rekodi ya dunia. Olimpiki 4, na 3 kati ya hizo akiwa nahodha. Baadaye alirudi kuifundisha timu ya taifa, kisha akawa afisa wa mashindano ya kimataifa. Hakuhama.

Kilichofuata hakikuwa mikononi mwa beki yeyote. Mwaka 1976 Olimpiki ya Montreal ilichezewa kwenye zulia la plastiki, nyasi za kutengenezwa, kwa mara ya kwanza. Kenya haikucheza, ilisusia pamoja na Afrika kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Makaburu. Mwaka 1980 ikasusia Moscow pamoja na Marekani. Olimpiki mbili zikapita, na katika miaka hiyo minane mchezo wenyewe ukageuka. Kwenye zulia mpira hauruki. Unateleza kwa kasi ambayo nyasi haziwezi kuiiga, na ule ujuzi wa kujua bonde liko wapi ukawa hauna kazi. Nchi zenye pesa zilitandika mazulia vijijini mwao. Sisi, India na Pakistan tuliendelea kufundishia kwenye nyasi na murram, tukawa tunakwenda kufanyia mtihani kwenye zulia. Nairobi ilipata lake City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987.

Katika Michezo hiyo Kenya iliishinda Afrika na kukata tiketi ya Seoul. Na hapa ndipo msomaji wa Butere anaanza kuyatambua majina. Katika kikosi cha 1988, pembeni ya akina Singh, kulikuwa na Peter Akatsa, Lucas Alubaha, Michael Omondi, Chris Otambo. Gongo lilikuwa limehama. Waliolichukua walikuwa vijana wa magharibi mwa nchi, na hawakulichukua dukani kwa Mhindi. Walilichukua shuleni.

Njia hiyo ya pili ni ya zamani karibu kama ya reli. Wamisionari wa CMS walifika Butere mwaka 1912 na Walter Chadwick, na dada yake Jane akaanzisha shule ya wasichana iliyokuja kuwa Butere Girls, shule aliyopitia mwandishi Grace Ogot. Magongo yalikuwa mchezo wa heshima katika shule za wasichana za Kiingereza, na walimu waliotoka huko hawakuja na Biblia tu. Taratibu, kupitia shule za misheni na za serikali, mchezo ulipenya kwenye ratiba. Hadi leo magongo ni mchezo wa muhula wa kwanza, pamoja na kikapu, mpira wa mikono na raga. Kuanzia Januari walimu wanatoa magongo stoo, wanayahesabu, wanakuta matatu yamevunjika, wanayafunga utepe. Mtoto ambaye hajapata la shule hukata tawi la mpera lililopinda mwishoni, akalichonga bapa upande mmoja. Upande wa kushoto, bila kuambiwa na mtu.

Musingu, pale Kakamega, ilijijengea jina kwa mchezo huu. Kamusinga ya Bungoma ikatawala nchi kwa miaka. Tigoi ya Vihiga ikafanya hivyo kwa wasichana. Ramani ya magongo ya Kenya, iliyokuwa imeanzia Parklands na Ngara, sasa ukiichora kwa kutazama shule inaanza kwenye miteremko kati ya Mlima Elgon na Ziwa Viktoria. Kutoka shule hizi ndiko vilabu vya Nairobi vinakookota wachezaji, na timu ya wanawake ya Telkom, chini ya kocha Jos Openda, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi hadi mashindano yenyewe yakaanza kuonekana kama safari yao ya kila mwaka. Wanawake wa Kenya hawajawahi kucheza Olimpiki. Sababu ina jina: Afrika Kusini, wenye mazulia mengi kuliko sisi, iliporejea michezoni mwaka 1992 ilizifunga nafasi za bara.

Hasira yangu haimwendei Mwafrika Kusini. Inatuendea sisi, tulioweza kuipoteza timu ya nne duniani bila kugundua kwamba imepotea. Tulidhani magongo ni mambo ya Wahindi, nao walipoondoka tukadhani wameondoka nayo. Kumbe walikuwa wameyaacha viwanjani, na mtoto wa Marama ameyaokota. Anayaokota bila kujua kwamba mkao anaofundishwa, wa kurudi nyuma, gongo chini, macho kwenye mpira, ndio uleule uliompeleka fundi wa kazi hiyo Roma, Tokyo, Mexico na Munich.

Tangu Seoul 1988, Kenya haijarudi kwenye magongo ya Olimpiki.

Muhula wa kwanza ukifika, kama uko karibu na kiwanja cha shule Butere, Mumias au Kakamega, nenda kaangalie mechi moja. Usisimame katikati, kule kwenye kelele. Simama nyuma ya goli, umtazame beki.